Mwongozo kamili: Jinsi mtafiti wa mkoani anavyoweza kuomba fedha za utafiti za Serikali

Kila linapotoka tangazo la fedha za utafiti, ujumbe unaonifikia ni ule ule. "Mfumo umefunga nikiwa ukurasa wa mwisho." "Mkuu wa chuo yuko safarini, hakuna wa kusaini." "Wamesema bajeti haieleweki." Ni nadra mtu kuniambia kwamba wazo lake lilionekana bovu. Maandiko mengi ya kuomba fedha kutoka Mtwara, Sumbawanga, Musoma au Mpanda hukwama kwenye saini, viambatisho na hesabu. Chanzo ni kimoja: kazi ilianza siku tangazo lilipotoka, wakati mwenzako aliyeko Dar es Salaam au Morogoro alikuwa na nusu ya nyaraka kabatini.

Kwa hiyo hatua nne za mwanzo za mwongozo huu zinafanyika kabla ya tangazo lolote. Ukizimaliza, tangazo likitoka unabaki na kuandika, kupiga hesabu na kutuma.

Nazungumzia Tanzania Bara. Msomaji wa Kenya atakuta sehemu kubwa inamfaa pia, ila milango yake ni mingine: fedha ziko kwa Mfuko wa Taifa wa Utafiti, NRF, ulioanzishwa na sheria ya mwaka 2013, na leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: mhadhiri wa chuo cha Kanda ya Kati anayetaka kujua kama mifuko isiyopitisha hewa inapunguza sumukuvu (sumu inayotokana na ukungu) kwenye mahindi ya wakulima wa Kondoa. Mradi ni wa kutunga. Tatizo ni la kweli. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Fungua folda moja kwenye kompyuta na nakala yake kwenye barua pepe yako, kisha ujaze hivi:

- Wasifu wako wa kitaaluma wa kurasa mbili, pamoja na wa kila mtafiti mwenza. Ule wa kurasa kumi na nne wa kuombea kupandishwa cheo haufai hapa.
- Namba yako ya ORCID (utambulisho wa mtafiti mtandaoni) na orodha ya machapisho. Kama huna machapisho mengi, weka ripoti ulizoandikia halmashauri au wizara.
- Vyeti vyako vilivyoskaniwa vikasomeka, si picha za simu zilizopigwa kwa pembeni.
- Sera ya utafiti ya taasisi yako. Humo ndimo utakuta asilimia ya fedha ambayo taasisi inabakiza kwa usimamizi.
- Waraka wa Utumishi wa viwango vya posho unaotumika sasa.
- Jina la benki na akaunti ya taasisi, na TIN yake. Akaunti yako binafsi haihusiki.
- Nyaraka za vipaumbele: Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, vipaumbele vya utafiti vya taifa vinavyotolewa na COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia), na mpango mkakati wa halmashauri utakakofanyia kazi.
- Profoma, yaani makadirio ya bei kutoka kwa muuzaji, za vifaa na vipimo vya maabara.
- Jina na namba ya simu ya anayesaini kwa niaba ya taasisi, na ya anayekaimu akiwa hayupo.

Hiyo ya mwisho watu huiruka. Rudi uisome tena.

## Hatua ya 1: Jua fedha ziko mlango gani

Mlango mkubwa ni Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ambayo imeundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1986. Fedha za Serikali za kushindaniwa hupitia Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, ambao wengi tunauita MTUSATE. COSTECH pia hutangaza miito ya pamoja na mabaraza ya utafiti ya nchi nyingine, na hapo utatakiwa kuwa na mshirika kutoka nchi hiyo.

Mlango wa pili uko chuoni kwako. Vyuo vikuu kadhaa vya umma, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) na UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) vikiwemo, hutenga sehemu ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya utafiti wa kushindania. Fedha ni kidogo na washindani ni wachache. Kwa mtu ambaye hajawahi kusimamia mradi, nashauri aanzie hapa: ukirejesha hesabu safi za mradi mdogo, una cha kuonyesha ukiomba mkubwa.

Mlango wa tatu ni taasisi za utafiti za kisekta. TARI, ya kilimo, ina vituo Ukiriguru, Naliendele, Uyole, Selian, Tumbi, Maruku na kwingineko. TALIRI ni ya mifugo, TAFIRI ya uvuvi, TAFORI ya misitu, NIMR ya afya. Hizi kwa kawaida hazikugawii fedha wewe wa nje. Zinakuingiza kwenye miradi yao, na kituo kilichoko mkoani kwako kinahitaji watu kuliko unavyodhani.

Tahadhari. Anuani nyingi za tovuti na barua pepe za Serikali huishia na .go.tz, na malipo yoyote halali ya Serikali yanakuja na kontroo namba. Mtu akikupigia kwamba andiko lako "linahitaji kusogezwa" kwa kutuma hela kwenye namba ya simu, huyo ni tapeli hata akilijua jina la mradi wako.

Hatua hii imekamilika ukiwa na karatasi moja yenye milango mitatu, jina la ofisi inayohusika katika kila mlango, na mwezi ambao mwaka jana walitangaza.

## Hatua ya 2: Chagua tatizo lenye mwenyewe

Wapitiaji, yaani wataalamu wanaotathmini maombi, husoma maandiko mengi yanayoanza na "tatizo hili ni kubwa duniani". Mtafiti wa mkoani ana kitu ambacho wa Dar es Salaam hana: anaishi na tatizo. Anajua mahindi ya Kondoa huvunwa kati ya Mei na Julai, anajua hurundikwa chini kwenye udongo kabla ya kupukuchuliwa, anajua mnunuzi gani huyakataa na kwa nini. Kwa bahati mbaya akikaa kuandika anayaacha yote hayo, anaanza na takwimu za bara zima ili aonekane msomi.

Tatizo lenye mwenyewe ni lile ambalo ofisi fulani ya Serikali inalihangaikia sasa hivi. Nenda halmashauri. Omba kuonana na Afisa Kilimo, Afisa Mifugo au Mganga Mkuu wa Wilaya, kutegemea fani yako, umwulize maswali mawili: kitu gani unakiandikia ripoti kila robo mwaka na hakipungui? Na ungepata jibu gani leo, ungebadilisha nini kwenye kazi yako?

Jibu la swali la pili ndilo lengo kuu la andiko lako. Kwenye mfano wetu, Afisa Kilimo anaweza kusema: "Tunawahimiza wanunue mifuko isiyopitisha hewa, lakini wengi wanaingiza mahindi hayajakauka. Sijui kama tunawasaidia au tunawapotezea hela." Sentensi kama hiyo huipati maktaba.

Kabla hujaondoka, omba barua ya kuunga mkono utafiti kutoka kwa Mkurugenzi Mtendaji. Mwandikie rasimu wewe mwenyewe umpelekee katibu muhtasi wake. Barua ikisubiri itungwe na ofisi, itasubiri sana. Iseme mambo matatu tu: halmashauri inalitambua tatizo, itatoa afisa ugani wa kushirikiana nawe, na itayapokea matokeo.

Ukiishika barua hiyo yenye mhuri, hatua ya 2 imekwisha.

## Hatua ya 3: Tafuta washirika, na andikianeni

Chuo chako kinaweza kuwa hakina maabara ya kupima sumukuvu. Hilo si kosa, na usilifiche. Taja utakapopima: Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu 2019 ndiyo inayosimamia usalama wa chakula, Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye ofisi za kanda, au SUA. Omba profoma na barua fupi inayokubali kupokea sampuli zako na kueleza njia ya kipimo watakayotumia.

Kwa watafiti wenza, angalia pengo lako. Kama wewe ni mtu wa kilimo, mtafute mtakwimu mapema, kabla hujaamua idadi ya kaya. Kumleta mtakwimu data ikishakusanywa ni kumwita mkunga mtoto akiwa ameshaanza kutembea.

Sasa jambo ambalo watu wa mikoani wanalalamikia kwa sauti ya chini. Mara nyingi mtafiti wa chuo kikubwa hukupigia siku nne kabla ya mwisho akiomba jina lako na barua ya mkoa, kwa kuwa tangazo limetaka ushirikiano na taasisi za pembezoni. Unampa. Fedha zikipatikana, unaitwa kwenye kikao cha uzinduzi, basi. Dawa yake ni hati ya makubaliano ya ukurasa mmoja, iliyosainiwa kabla ya kutuma andiko, inayosema: nani ni mtafiti mkuu, kila taasisi inapokea kiasi gani na kwenye akaunti ipi, data inakaa wapi, na majina yatapangwaje kwenye makala. Mwenzako akikwepa kusaini, umeshapata jibu lako.

Na ukiwa na tatizo lenye mwenyewe, barua ya halmashauri na eneo la utafiti mkononi, kwa nini usiwe wewe mtafiti mkuu na yeye mwenza?

## Hatua ya 4: Anza vibali mapema

Fedha haziwezi kutumika uwandani bila vibali, na baadhi ya miito hutaka uthibitisho kwamba umeshaviomba.

Kibali cha maadili. Ukigusa afya ya binadamu, yaani damu, mkojo, maziwa ya mama au taarifa za wagonjwa, unahitaji idhini ya kitaifa inayotolewa kupitia NIMR. Utafiti wa maswali na sampuli za mahindi mara nyingi hupitia kamati ya taasisi yako. Kama chuo chako hakina kamati, uliza kamati ya taasisi jirani kama inapokea maombi ya nje.

Kibali cha utafiti. Kwa wahadhiri na wanafunzi wa vyuo vikuu vingi vya umma, barua hutolewa na Makamu Mkuu wa Chuo kwa niaba ya Serikali na COSTECH. Mtafiti wa kigeni kwenye timu yako lazima apate kibali cha COSTECH, kisha kibali cha ukaazi daraja C. Utafiti wa wanyamapori unapita TAWIRI.

Taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu ukikusanya majina, namba za simu au mahali kaya zilipo. Eleza kwenye andiko jinsi utakavyotenganisha majina na majibu, na nani ana neno la siri la faili.

Barua ya chuo humfikia Katibu Tawala wa Mkoa au Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha wilaya, kata, kijiji. Tenga siku za kuipitisha. Mtendaji wa Kijiji ambaye hajaona barua yenye mhuri wa wilaya ana haki ya kukurudisha, na mara nyingi atakurudisha.

## Hatua ya 5: Soma tangazo kwa kalamu

Tangazo limetoka. Lichape kwenye karatasi. Pigia mstari kila sentensi yenye "lazima", "isizidi", "iambatishwe". Zihamishie kwenye jedwali la safu tatu: kinachotakiwa, nani atakileta, lini.

Angalia mambo manne kabla ya kuandika neno hata moja: kama taasisi yako inastahili kuomba, kama mada yako imo kwenye maeneo yaliyotajwa, ukomo wa fedha na wa muda, na kama wanaanza na andiko dhana (muhtasari mfupi wa wazo) au wanataka andiko kamili moja kwa moja. Mada isipokuwemo, usiisukume. Nimeona utafiti wa bwawa la samaki ukivalishwa koti la akili unde ili tu uingie kwenye mwito. Mpitiaji aliye na fani yake hukutambua kwenye aya ya pili.

Kisha rudi nyuma kutoka tarehe ya mwisho. Tangazo likitoa siku 30, weka tarehe yako ya mwisho siku ya 25. Andiko liwe mezani kwa anayesaini siku ya 20.

## Hatua ya 6: Andika andiko

### Aya ya tatizo

Hapa ndipo andiko linaposhinda au kushindwa, kwa hiyo tulitazame kwa karibu. Rasimu nyingi huja hivi:

*"Sumukuvu ni tatizo kubwa duniani na hasa barani Afrika. Tafiti nyingi zimefanyika lakini bado kuna pengo la maarifa. Utafiti huu unakusudia kuziba pengo hilo kwa manufaa ya wadau wote."*

Hakuna mahali, hakuna mtu, hakuna pengo. "Wadau wote" maana yake hakuna mdau. Sasa linganisha:

*"Wakulima wa Kondoa huvuna mahindi kati ya Mei na Julai na kuyahifadhi kwa miezi sita au zaidi, wengi kwenye viroba vya kawaida. Baada ya mlipuko wa mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, wakulima wamehimizwa kutumia mifuko isiyopitisha hewa. Mifuko hiyo huzuia ukungu kuendelea kukua, lakini haiondoi sumu iliyokwisha kujengeka shambani au kwenye ukaushaji. Halmashauri haina takwimu zinazoonyesha kama mifuko inapunguza sumukuvu pale mahindi yanapoingizwa yakiwa na unyevu tofauti. Bila takwimu hizo, maafisa ugani hawawezi kuamua kama waweke nguvu kwenye mifuko, kwenye turubai za kukaushia, au kwenye vyote viwili."*

Sentensi ya mwisho inamwambia mpitiaji fedha zitabadilisha uamuzi gani. Hiyo ndiyo tofauti yote.

### Malengo

Matatu yanatosha. Kila lengo lianze na kitenzi kinachopimika: kupima, kulinganisha, kubaini. "Kuelewa" na "kuhamasisha" havipimiki. Kwa mfano wetu: kupima kiwango cha sumukuvu na unyevu wa mahindi ya kaya 60 wakati wa kuhifadhi, kulinganisha mabadiliko yake kwenye viroba na kwenye mifuko isiyopitisha hewa baada ya miezi 3 na 6, kubaini gharama ya kila njia kwa gunia.

### Mbinu

Andika kiasi kwamba mtu mwingine aweze kwenda Kondoa kufanya kazi ile ile bila kukupigia simu. Kaya zimechaguliwaje? Kwa nini 60? Sampuli inachotwa wapi kwenye gunia, juu, katikati au chini? Kwa sumukuvu swali hili ni zito, kwa sababu sumu hujikusanya kwenye punje chache; kuchota konzi moja ya juu kunaharibu kazi yote.

Taja pia kipimo utakacholinganisha nacho. Viwango vya Afrika Mashariki vinaweka ukomo wa mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla ya sumukuvu kwenye mahindi, na 5 kwa aina ya B1.

### Ratiba

Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza 1 Julai. Msimu wa mkulima haujui hilo. Andiko likiahidi kupima mahindi mapya mwezi Juni na fedha zikaingia Oktoba, umekosa mavuno, na ripoti yako ya kwanza itakuwa ya kuomba radhi.

Panga ratiba kwa "mwezi wa 1 baada ya fedha kuingia", kisha ongeza aya ya tahadhari: fedha zikiingia baada ya Agosti, miezi ya mwanzo itatumika kufanya utafiti wa awali wa uhifadhi, kununua vifaa na kuwafunza maafisa ugani, na majaribio yataanza na mavuno yanayofuata. Wapitiaji wanaipenda aya hii. Inaonyesha mtu anayeijua kazi.

Mwisho, andika muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili hata kama andiko lenyewe linatakiwa kwa Kiingereza. Utauhitaji kwa Mkurugenzi, kwa diwani na kwa mkutano wa kijiji.

Mpe andiko mtu asiye wa fani yako. Akikueleza kwa dakika moja utakachofanya na kwa faida ya nani, liko tayari.

## Hatua ya 7: Bajeti inayosimama

"Usafiri: 5,000,000." Mstari wa namna hii peke yake unatosha kukutoa. Kila shilingi iwe na hesabu inayoweza kurudiwa.

Chukua mafuta. Kutoka Dodoma mjini hadi Kondoa na kurudi weka kilomita 320. Safari ni sita: utambulisho, mafunzo na kugawa mifuko, sampuli mara tatu, na mrejesho. 320 × 6 = 1,920. Mkiwa huko mnazunguka vijijini kilomita 80 kwa siku, siku 3 kila safari: 80 × 3 × 6 = 1,440. Jumla kilomita 3,360. Gari likienda kilomita 7 kwa lita, ni lita 480. Bei chukua ile kikomo inayotangazwa na EWURA kila mwezi kwa wilaya husika, na utaje mwezi. Kwa shilingi 3,000 kwa mfano, mafuta ni 1,440,000.

Vipimo: kaya 60 × mara 3 = sampuli 180. Ongeza asilimia 10 za marudio ya kuhakiki ubora, yaani 18. Jumla 198, zidisha kwa bei ya profoma.

Posho: mtafiti, msaidizi na dereva, usiku 3, safari 6, ni 54 kwa kiwango cha waraka. Dereva husahaulika kila mara, halafu anakuwa mgogoro wa kwanza wa mradi.

Halafu yapitie haya:

Posho zisimeze mradi. Hakuna asilimia ya kila mahali, tangazo litasema. Ila kama nusu ya fedha ni posho na warsha, mpitiaji ataona kikao, hataona utafiti.

Vifaa vikubwa ni mali ya taasisi na vitaingia kwenye daftari lake la mali. Ununuzi wake unapita NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Ongea na Kitengo cha Ununuzi sasa, waone sifa za kifaa na wakiingize kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka. Kipima unyevu cha nafaka ambacho hakimo kwenye mpango kinaweza kukufikia wakati mahindi yameshaliwa.

Weka fedha za mrejesho kwa wananchi na za kuchapisha makala. Weka asilimia ya taasisi kama sera inavyosema. Kagua jumla kwa Excel na kwa kikokotoo. Jumla isiyolingana kati ya jedwali na andiko ni aibu ndogo yenye gharama kubwa.

Kisha mpelekee mhasibu wa chuo aikague. Si kwa heshima tu. Yeye ndiye atakayelipa, na mstari ambao haujui leo atakuja kuukataa siku umeshika funguo za gari.

## Hatua ya 8: Saini, viambatisho, kutuma

Mpe anayesaini bahasha kamili: ukurasa wa muhtasari juu, bajeti katikati, barua ya kusainiwa mwisho ikiwa na alama ya mahali pa kusaini. Akiwa safarini, nenda kwa anayekaimu ukiwa na barua ya kukaimishwa. Usibandike picha ya saini ya mtu bila ruhusa yake. Hiyo ni kughushi, hata kama "mkuu mwenyewe hana neno".

Fungua akaunti kwenye mfumo wa maombi wiki ya kwanza, ingia, tazama wanataka nini na faili za ukubwa gani. Profoma zilizoskaniwa kwa rangi huwa nzito; zipunguze. Majina ya faili yawe mafupi na yaeleweke: Bajeti_Kondoa, siyo "final final mpya 3".

Tuma asubuhi, siku tano kabla. Umeme wa mkoani unaujua, na siku ya mwisho kila mtu nchini yuko kwenye mfumo huo huo. Ukishatuma, subiri ujumbe wa kupokelewa wenye namba ya ombi, uuchape, uuhifadhi. Bila namba hiyo hujatuma kitu.

## Hatua ya 9: Majibu yakija

### Ukipata

Usikimbilie uwandani. Soma mkataba wa fedha neno kwa neno: awamu za malipo, tarehe za ripoti, na kama unaruhusiwa kuhamisha fedha kati ya mistari ya bajeti. Kwa kawaida awamu ya pili haitoki hadi hesabu za ya kwanza zirejeshwe.

Fedha za safari utachukua kama masurufu, yaani fedha za kutangulizwa ambazo baadaye unazitolea hesabu. Dai stakabadhi ya EFD (mashine ya kodi) kwenye kila kituo cha mafuta, iwe na jina la taasisi. Stakabadhi hizo hufifia kwenye joto la gari, kwa hiyo zipige picha siku hiyo hiyo. Ukirudi, rejesha masurufu kabla hujaanza kuchambua data. Mtafiti mwenye masurufu yaliyopitwa na muda hapewi mengine, na jina lake linaweza kuishia kwenye hoja ya ukaguzi ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) kwa sababu ya karatasi tu.

Matokeo yakipatikana, Afisa Kilimo aliyekupa swali ayapate kabla ya jarida. Mpelekee kurasa mbili za Kiswahili, zikianza na jibu la swali lake.

### Ukikosa

Omba maoni ya wapitiaji kwa barua ya taasisi, kwa adabu, bila kubishana. Ukiyapata, yagawe mafungu mawili: yanayohusu wazo na yanayohusu maandalizi. Ya maandalizi rekebisha wiki hiyo hiyo ungali unakumbuka. Ya wazo mpelekee mshirika wako na mtakwimu, mkubaliane kama mnabadilisha swali au mnabadilisha mlango.

Usiliweke andiko kabatini. Lipunguze liwe la mwaka mmoja na kaya 20, uliombee fedha za ndani za chuo. Takwimu za kaya 20 za Kondoa zitakuwa ukurasa wa kwanza wa ombi lijalo, na hakuna mwombaji wa Dar es Salaam atakayekuwa nazo. Kabla ya kutuma tena, badilisha profoma, kwa sababu huwa na muda wa kuisha; omba barua mpya kama Mkurugenzi amehamishwa; na angalia kama viwango vya posho bado ni vile vile.